Acha Wangoje

Simu ilitetemeka tena ndani ya mfuko wa ovaroli, na yeye hakuipokea. Alichota udongo kwa mikono miwili, akaujaza kwenye kiriba cha plastiki cha kuoteshea mche, akaubana kwa vidole gumba, akakisimamisha kiriba kwenye mstari pamoja na vingine. Akachukua kingine kitupu. Mtu ambaye angepita pale kitaluni alasiri ile ya Jumapili angeona mfanyakazi mwenye bidii, aliyejinyima siku ya mapumziko ili awahi msimu wa kupanda. Asingejua kwamba nyumbani kwao, saa hiyohiyo, sebule ilikuwa imejaa watu waliovaa nguo zao za kutokea, wakimngoja yeye aingie ili aposwe.

Kwenye hifadhi ile ya mimea ya asili walimwita Dada Kitalu, na jina lilimkaa. Hakukuwa na mti mchanga ndani ya msitu ule mdogo ambao haukupitia mikononi mwake kwanza, ukalazwa kivulini, ukanyweshwa, ukaambiwa maneno mawili matatu ya kuutia moyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye macho ambayo wageni waliokuja kutembea kwenye vijia vya hifadhi waliyakumbuka kuliko majina ya miti aliyowatajia.

"Wewe!" Sauti ilitoka mlangoni mwa ghala. Ilikuwa ya Mama Mbegu, mwanamke wa makamo aliyetunza mbegu zote za hifadhi, na siri zote za wafanyakazi. "Si leo ndiyo siku ya Fundi kuja kwenu?"

"Ndiyo leo."

"Sasa mbona uko hapa?"

"Wanaposa huko, mimi naposwa hapa."

Mama Mbegu aliweka chini ungo wake. Alimtazama kuanzia kilemba kilichojaa vumbi mpaka kwenye buti za mpira.

"Umewaaga vipi?"

"Nimesema naenda kusukwa."

"Na kichwa chenyewe hata kitana hakijapita." Mama Mbegu akashika kiuno. Kisha taratibu, kama mtu anayeona nyoka aliyekuwa amejilaza muda wote kwenye majani mbele yake, akaelewa. "Mungu wangu. Hukumsamehe."

"Nani alisema nilimsamehe?"

"Ulimchekea! Ulimpakulia chakula! Mlikaa pale kwenye benchi kila mchana kama njiwa, mpaka Kufuli wa getini akaanza kuuliza nguo za sare zitakuwa rangi gani!"

"Nilikuwa namlea," Dada Kitalu akasema, akijaza kiriba kingine. "Mche ukiung'oa ukiwa mdogo, hausikii uchungu. Lazima uache ushike mizizi."

Alisema kwa sauti kavu, lakini vidole vyake vilikuwa vimekibana kile kiriba mpaka kikapasuka.

*

Miaka ya nyuma, Fundi alikuwa mchumba wake. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba mwenye kicheko cha haraka, anayejifunza kazi ya mabomba na pampu, na Dada Kitalu alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa hifadhini kuchimba mashimo ya kupandia. Walipendana kwa namna ambayo watu wakiwaona walikuwa wakitabasamu bila kujua wanatabasamu nini. Siku ya posa ikapangwa. Baba yake akaazima viti kwa majirani, mama akapika tangu alfajiri, shangazi akaja na sauti yake kubwa, na yeye akavalishwa, akakalishwa chumba cha ndani asubiri kuitwa.

Hakuitwa. Wageni hawakuja. Baba alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akachungulia barabarani, akarudi, akakaa, akachungulia tena. Jua lilipozama akaja rafiki mmoja wa Fundi, akasimama katikati ya sebule bila kukaa, akasema alichotumwa: "Mama yake amekataa kabisa. Amesema mwanawe haoi mchimba udongo."

Mchimba udongo. Maneno yale yalisemwa mbele ya baba yake, mbele ya majirani waliokuja kuchukua viti vyao. Fundi mwenyewe alikuwa ameshahama mji. Baba hakuwahi kurudi tena kwenye baraza lake la mchana na wazee wenzake, na msimu uliofuata moyo wake ukasimama. Daktari alisema ni ugonjwa aliokuwa nao siku nyingi. Dada Kitalu hakubishana na daktari. Alikuwa na jibu lake.

Kwa hiyo mwaka uliopita, hifadhi ilipoajiri fundi mpya wa mabomba, naye akashuka kwenye gari la kazi akiwa na mvi za kwanza juu ya masikio, Dada Kitalu hakupiga kelele. Alimsalimu kama anavyosalimiwa mgeni. Kesho yake akamtuma peke yake akasafishe njia ya chini, ile iliyomezwa na upupu, na kwa bahati mbaya akasahau kumwambia kuna glavu.

Fundi alirudi jioni amevimba uso, akijikuna kama mbwa wa jalalani, na wafanyakazi wote wakacheka mpaka wakakaa chini. Alimtazama yeye tu. "Njia iko safi," alisema. "Kuna kazi nyingine?"

Kulikuwa nayo. Alimpa kazi zote chafu, na zote alizifanya bila kuinua sauti. Alikuwa amekuja kwa ajili yake, alimwambia siku moja wakiwa wawili. Aliomba kazi hapa kwa sababu alijua yuko hapa. Usiku ule Dada Kitalu alilala macho wazi, na asubuhi akaamka na mpango. Upupu unawasha siku moja. Yeye alitaka kitu kitakachowasha maisha.

Ndipo akaanza kumchekea.

Kitu kimoja tu hakukipanga. Kuna siku pampu ya zamani ilirudi kufanya kazi baada ya miezi ya kukoroma bure. Maji yakaruka ghafla, yakamlowesha Fundi chapachapa, naye akapiga kelele ya furaha kama mtoto, akamgeukia yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Dada Kitalu akacheka. Alicheka kweli, kicheko alichodhani kilizikwa. Kisha akaingia ghala la mbegu, akasimama kati ya magunia, akalia kwa hasira.

*

Simu ikatetemeka tena. Safari hii jina lilikuwa la mama.

"Pokea," Mama Mbegu akasema. "Shangazi yako mwache, lakini mama pokea."

Akapokea.

"Uko wapi?" Sauti ya mama ilikuwa chini sana, sauti ya mtu aliyejifungia jikoni.

"Kazini, mama."

"Kazini."

"Ndiyo. Sikusahau. Sitakuja. Nisamehe mama. Ilibidi nikufiche, maana ungenizuia. Nataka wakae. Nataka yule mama akae akiangalia mlango kama baba alivyokaa."

Dada Kitalu akafumba macho, akisubiri kilio. Hicho ndicho kitu pekee kilichomtia hofu katika mpango wote: kwamba mama yake angevishwa aibu ileile mara ya pili, na baba hayupo tena kumshika mkono.

"Amekaa kwenye kiti kilekile," mama akasema hatimaye. "Cha baba yako. Sikumpangia, alikifuata mwenyewe. Na ameanza kuangalia mlango."

"Mama..."

"Mimi nilidhani umemsamehe! Miezi yote nakuona unavyotabasamu na simu, nikasema basi, nimezaa mjinga, aumwe na nyoka mara moja halafu arudi kuchezea shimo. Nililia, ujue. Bafuni. Kumbe nimezaa mtu!"

"Hujakasirika?"

"Nimekasirika, ndiyo! Ungeniambia mapema nisingepika vyakula vyote vile!" Sauti ikashuka zaidi, na ndani yake mlikuwa na kitu kigumu ambacho Dada Kitalu hakuwahi kukisikia. "Sasa nisikilize. Usithubutu kukanyaga hapa kabla jua halijazama. Sisi tulingoja mpaka jua likazama. Acha wangoje. Mlango naufunga sasa hivi, ufunguo nauweka kifuani, na nitawaambia umepotea, tunautafuta."

Simu ikakatika. Dada Kitalu alibaki ameishika.

"Anasemaje?" Mama Mbegu akauliza.

"Anasema wangoje."

Mama Mbegu akatikisa kichwa. "Haya. Mtoto umleavyo. Lakini nikwambie kitu, mwanangu, na mimi si mtu wa mahubiri. Hasira hasara."

"Acha iwe hasara. Nimezoea."

*

Kelele zilianzia getini. Kufuli, mlinzi, hakuwa na cheo kikubwa, ila sheria moja ya hifadhi aliishika kama dini: mmea wa nje hauingii. Hata mgeni aliyechomeka ua sikioni alilivua mbele yake.

"Maua ya dukani hayapiti hapa!" alikuwa akifoka. "Hata yawe ya bwana harusi! Yana mbegu, yana wadudu, yana kila kitu! Acha hapo!"

Fundi akaingia mikono mitupu. Suti yake ya kijivu ilikuwa imechanika begani, na goti moja la suruali lilikuwa na chokaa. Alitembea moja kwa moja mpaka penye mistari ya viriba, akasimama upande wa pili, miche ikiwa katikati yao kama ukuta mfupi wa kijani.

Walitazamana. Moyo wa Dada Kitalu, ambao hakuuagiza, uliruka. Hakuwahi kumwona katika suti. Aliuchukia moyo wake kwa kuona.

"Umechanika," alisema.

"Nimepita dirisha la bafuni. Mama yako amefunga mlango."

"Ufunguo umepotea."

"Ndiyo. Nimeuona unapotelea wapi." Hakucheka, wala yeye hakucheka. "Shangazi yako alipotuletea maji mara ya tatu, nikajua huji. Labda nilijua tangu mwanzo. Mtu aliyenipeleka kwenye upupu hawezi kunipenda kirahisi vile."

"Ulijua, na bado ukaja?"

"Nilitaka iwe kweli. Mtu akitaka sana kitu kiwe kweli, anavaa suti."

Alisema kwa upole, na upole ule ulimkera kuliko matusi. Dada Kitalu akasimama wima, mikono yake myeusi kwa udongo mpaka kwenye viwiko.

"Basi umeona inavyokuwa. Umeona watu wanavyokunywa maji huku wanakuhurumia. Nenda ukae umalizie. Jua bado liko juu."

"Sikuja kukuomba unikubali. Nimekuja kukuomba mama atoke. Ana miguu inayovimba, hawezi kukaa muda mrefu pale. Mimi nifanye unavyotaka. Nipigie ngoma mji mzima. Yeye mwache aende nyumbani."

"Baba yangu naye alikuwa na miguu."

"Najua."

"Hujui! Hukuwepo!" Sauti yake ilipasua utulivu wa kitalu, ndege wakaruka kwenye uzio. "Alikuwa anainuka kila gari likipita. Kila gari! Mimi nilikuwa namsikia kutoka chumba cha ndani, kile kiti kinavyolia akiinuka, kinavyolia akikaa. Halafu rafiki yako akaja kutuletea maneno ya mama yako. Mwanangu haoi mchimba udongo. Baba alinitazama mikono. Unaelewa? Alinitazama mikono yangu, halafu akatazama pembeni ili nisione kwamba ametazama. Leo mama yako akae. Avimbe. Akitoka nitamwonyesha mikono hiihii, aseme tena mbele yangu."

Uso wa Fundi ulikuwa umebadilika rangi. Akainama, akasimamisha kiriba kimoja kilichokuwa kimelala upande, akakishikilia kana kwamba kitaanguka tena.

"Hakusema," alisema.

"Nini?"

"Mama. Hayo maneno hakuyasema."

Dada Kitalu alisikia maji yakidondoka mahali fulani kwenye bomba. "Nani aliyasema?"

Fundi akakirudisha kiriba kwenye mstari.

"Nimekuuliza. Yale maneno, nani aliyasema?"

"Mimi."

Mlango wa ghala, ambao Mama Mbegu alikuwa amejibanza nyuma yake, ulilia kidogo.

"Mama alikuwa ameshavaa," Fundi akaendelea, haraka sasa, kama mtu anayetapika. "Siku ile. Alikuwa ameshavaa, amekaa na zawadi mapajani, ananingoja mimi nirudi tuondoke. Mimi nilikuwa nimepata kazi mji mwingine, na wale jamaa wapya walikuja kunipongeza, tukapita na gari hapa nje ya geti asubuhi. Wewe ulikuwa umekuja kumalizia mashimo kabla ya kwenda kuvalishwa. Ulikuwa na buti, umejaa tope mpaka usoni. Mmoja akauliza, ni yule pale? Wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Baada ya pale nikaona siwezi. Nilijionea aibu, au nilikuonea wewe aibu, sijui. Nikapanda gari nao. Rafiki yangu akauliza atawaambia nini. Nikasema, waambie mama amekataa. Akauliza kwa nini. Ndipo nikasema hayo."

"Mchimba udongo."

"Ndiyo."

"Miezi yote hii umekaa na mimi kwenye benchi lile. Umekula chakula changu. Hukuona nafasi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa," akarudia. Aliangalia kulia kwake. Pale palikuwa na pipa la mbolea ya maji, ile inayochachushwa kwa samadi na majani kwa wiki kadhaa, ambayo hata nzi huijia kwa adabu. Ndoo ilikuwa juu yake, imejaa. Akainyanyua, akaizunguka mistari ya miche kwa uangalifu asikanyage hata mmoja, akasimama mbele ya Fundi, akammwagia yote. Alianzia kichwani.

Fundi hakurudi nyuma. Alifumba macho tu. Maji ya kijani yalishuka kwenye suti, yakaingia ndani ya viatu vyake.

Nyuma ya mlango wa ghala, makofi yalisikika mara moja, kisha yakakatika, Mama Mbegu alipokumbuka kwamba hakualikwa.

"Hiyo ni ya baba," Dada Kitalu akasema. Kitu kilikuwa kimemjia akilini, kikamtia baridi: mwanamke mzee mwenye miguu mibovu, amefungiwa kwenye nyumba ya watu wanaomchukia, analipa kosa ambalo hakulitenda. Na aliyemfungia ni yeye. "Twende nyumbani."

"Twende... pamoja?"

"Wewe utatembea. Nyuma. Unanuka."

*

Aliazima baiskeli ya Kufuli. Watu waligeuka barabarani kuona mwanamke wa ovaroli akikanyaga pedali kama anafukuzwa, na nyuma yake mwanaume wa suti akikimbia huku akiacha alama za maji ya kijani.

Mama yake alimfungulia mlango kwa hasira. "Nilikwambia jua..." Kisha akaona uso wake, akasogea.

Sebuleni wajomba wa Fundi walikuwa wamekaa wameinamisha vichwa. Shangazi alikuwa amesimama na jagi la maji, kama mlinzi wa mateka. Mama yake Fundi alikuwa kwenye kile kiti, mdogo kuliko Dada Kitalu alivyomkumbuka, viatu amevivua kwa sababu miguu ilikuwa imejaa. Alipomwona alijitahidi kuinuka.

"Nimefurahi umekuja, binti," alisema. "Yaseme uliyonayo. Nimekuja nikijua. Yaseme yote, kisha mtufungulie tuondoke."

Dada Kitalu alipiga magoti mbele yake, na ovaroli lake na tope lake. "Shikamoo, mama."

Mzee yule alishtuka kama aliyepigwa. "Marahaba, mwanangu."

Fundi akaingia. Wajomba wakaziba pua.

"Sema," Dada Kitalu akamwambia bila kugeuka. "Kama ulivyosema kule. Usipunguze."

Akasema. Alisema amesimama katikati ya sebule, pale aliposimama rafiki yake. Alipofika kwenye kicheko cha ndani ya gari, shangazi aliweka jagi mezani kwa kishindo. Alipofika kwenye yale maneno mawili, mama yake Dada Kitalu alikaa chini, kwenye sakafu, bila kutafuta kiti.

Kutoka pale chini akamgeukia yule mzee.

"Ulijua?"

"Nilijua baadaye. Yule rafiki yake alikuja kuniomba radhi."

"Na ukanyamaza? Nimekuchukia miaka yote hii! Nimekutangaza mtaa mzima! Nilikupita sokoni nikatema mate!"

"Nilikuona."

"Yalikufikia?"

"Yalikaribia." Mzee akatabasamu kidogo. "Ningesemaje, mwenzangu? Kwamba nimezaa mwoga? Nikaona bora mseme mimi ndiye mbaya. Mama wakwe wabaya wako wengi, watu wameshawazoea. Yeye alikuwa kijana, nilidhani siku moja atasema mwenyewe. Nikangoja. Hata leo nilikuja kwa sababu alinibembeleza, nikasema labda leo atasema." Akamtazama mwanawe. "Imebidi umwagiwe mavi ya ng'ombe."

Mama yake Dada Kitalu aliinuka. Alichukua kigoda, akakiweka mbele ya yule mzee, akainyanyua ile miguu iliyovimba, mmoja baada ya mwingine, akailaza juu yake. "Shangazi," akaita kwa sauti nzito, "pakua chakula. Hakiwezi kuharibika kwa ujinga wa mtu mmoja."

Wajomba wakainuka, wakanyoosha makoti, wakaaga kwa aibu mmoja mmoja. Fundi akamsogelea mama yake.

"Mama, twende nyumbani."

Mzee hakumtazama. Alikuwa akinawa mikono kwenye beseni ambalo shangazi alikuwa amemletea.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi nimealikwa."

Fundi alisimama pale kidogo, maji ya mbolea yakimdondoka kwenye sakafu ya watu. Kisha akageuka, akatoka. Dada Kitalu alimfuata mpaka kizingitini. Hakujua kwa nini miguu yake ilikwenda. Alijiambia ni kufunga mlango.

"Umenichukulia mama," Fundi akasema akiwa kwenye ngazi. Hakulalamika, alisema kama mtu anayehesabu kilichobaki.

"Uliniondolea baba."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa chini yake ngazi mbili, ana majani yaliyooza kwenye nywele, na macho yake yalikuwa yaleyale yaliyomgeukia siku ile ya pampu. Dada Kitalu alisikia mkono wake unataka kwenda kwenye yale majani, uyaondoe. Akaufunga ngumi, akauweka nyuma ya mgongo.

"Kesho nije kazini?"

"Mabomba ya hifadhi hujayakosea kitu. Njoo."

"Na mimi na wewe? Kuna siku utanisamehe?"

"Sijui."

"Nikingoja?"

"Ngoja."

"Mpaka lini?"

"Mimi," akasema Dada Kitalu, "sikuambiwa mpaka lini."

Akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili.

Ndani, mama wawili walikuwa wameshaanza kula sahani moja, wakizungumza kwa sauti za chini kuhusu dawa za miguu, na shangazi alikuwa akicheka kitu peke yake. Dada Kitalu alinawa mikono. Udongo haukutoka wote kwenye kucha, huwa hautoki, akakaa hivyohivyo karibu na mama yake Fundi. Mzee alimwekea tonge la kwanza kwenye sahani bila kuuliza, akaziangalia zile kucha, akasema, "Kula, mwanangu. Umefanya kazi."

Alikula. Alikuwa amepata alichokitaka, na zaidi. Hakuna aliyebaki ambaye hajalipa. Mwanga wa jioni ulikuwa ukiingia dirishani, na kupitia dirisha hilo alimwona Fundi amesimama ng'ambo ya barabara, suti yake ikikauka vibaya mwilini, watoto wakimpita huku wameziba pua. Hakuwa akienda popote. Gari likapita, vumbi likamfunika, likatulia, na bado alikuwa pale.

"Bado yupo?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Yupo."

"Vuta pazia. Asituharibie chakula."

Dada Kitalu akainuka, akalivuta pazia. Akaliacha wazi kidogo, upana wa kiganja, upande ule alipokaa yeye.